Pakiti zilizokwenda Mombasa zikarudi: kisa cha ruta mbili zilizodanganyana

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinielemea. Leo nina kisa.

Juzi kijana mmoja ninayemsaidia kujifunza mambo ya mitandao aliniuliza, "Kwa nini njia zikitolewa itifaki moja na kuingizwa nyingine, vitu huanza kuharibika?" Nilianza kumjibu kwa nadharia, nikajishika mdomo. Mimi mwenyewe sikulielewa jambo hili kwa nadharia. Nililielewa mwezi wa Oktoba mwaka 2010, kwa siku nne ambazo nusura zinikoseshe kazi. Basi nikamhadithia, na nimeona niwahadithie na ninyi.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa mitandao. Mimi ni mwandishi wa programu. Siku hizo nilikuwa na mkataba na kampuni moja (sitaitaja jina) iliyokuwa ikinunua maziwa kwa wakulima. Programu yangu ilikaa kwenye tarakilishi za vituo vya kupokea maziwa. Mkulima analeta debe lake, karani anapima, anaandika kilo, na rekodi inakwenda moja kwa moja hadi seva iliyokuwa Nairobi. Mwisho wa mwezi seva inajumlisha na mkulima analipwa. Kilo ambayo haikufika kwenye seva haikulipwa.

Mwaka huo kampuni ilinunua kampuni nyingine ndogo, na ikaamuliwa mitandao miwili iunganishwe iwe mmoja. Wikendi iliyochaguliwa ni ya tarehe 23 na 24 Oktoba. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hiyo ndiyo wikendi nzuri ya kuweka toleo jipya la programu, kwa kuwa ofisi zitakuwa tupu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Kituo kimoja, kilicho nje kidogo ya Nakuru, hakitumi chochote. Vingine vyote salama. Karani anabonyeza kitufe cha kutuma, anangoja, anaambiwa muda umekwisha.

"Ni toleo lako jipya," meneja akasema. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema ni mtandao. Fundi wa mitandao, mzee mmoja mpole ambaye sote tulimwita Mzee tu, akasema ni programu. "Kijana, ruta ya Nakuru inanijibu ping kutoka hapa hapa. Mtandao uko sawa."

Na kweli ilikuwa inajibu. Tarakilishi za kituo hazikujibu, lakini hizo hazikuwahi kujibu hata zamani, programu ya ulinzi ilizizuia. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Jumatatu na Jumanne nikafanya mambo ya aibu. Niliongeza muda wa kungoja kutoka sekunde 30 hadi 120. Nikaongeza kujaribu tena mara tano. Yaani mtu hasikii, mimi napaza sauti tu. Jumanne jioni Mzee akazima na kuwasha ruta ya Mombasa kwa sababu nyingine kabisa, na ghafla rekodi tatu za kituo zikaingia kwenye seva! Tukapigiana makofi. Baada ya dakika moja au mbili, kimya tena. Meneja akatuambia Ijumaa tarehe 29 hesabu za mwezi zinafungwa, na kama kituo hakijaingia, wakulima wake watalipwa pungufu, na mmoja wetu ataeleza kwa nini.

Jumatano nikaacha kubahatisha. Nikaingia kwenye seva na kuandika netstat. Kumbe miunganisho kutoka kituo ilikuwapo, mingi tu, na yote imekwama kwenye hali ya SYN_RECV. Kwa msiojua: mazungumzo ya TCP huanza kwa hodi. Mmoja anabisha, mwingine anajibu "karibu", wa kwanza anasema "asante, naingia". SYN_RECV maana yake seva imesikia hodi na imejibu karibu, lakini yule mgeni hajasema asante. Hodi ilifika. Jibu halikufika.

Hapo nilijua programu yangu haikuwa na kosa hilo. Kwenda kunapitika, kurudi hakupitiki. Nikamwendea Mzee, safari hii bila kelele. Nikamwonyesha skrini. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Vuta kiti."

Tukaandika traceroute kutoka seva kwenda mtandao wa kituo, 10.40.7.0. Majibu yalikuwa hivi: ruta ya Nairobi, ruta ya Mombasa, ruta ya Nairobi, ruta ya Mombasa, Nairobi, Mombasa... hadi hatua ya 30, ambapo amri yenyewe hukata tamaa. Pakiti ya kwenda Nakuru ilikuwa ikipelekwa Mombasa, inageuzwa, inarudi Nairobi, inapelekwa tena. Kama mtu anayetaka kwenda Nakuru, akapandishwa basi la Mombasa, na huko Mombasa akapandishwa gari moshi la kurudi Nairobi, na Nairobi akapandishwa basi tena. Kila pakiti ina kihesabu kinachopungua kwa kila ruta, kikifika sifuri inatupwa. Bila hicho zingezunguka hadi leo.

Sasa tuelezane jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Kampuni kubwa ilitumia itifaki ya EIGRP. Wakati ule hiyo ilikuwa mali ya Cisco peke yake (maelezo yake yalichapishwa kama RFC 7868 mwaka 2016 tu). Kampuni ndogo ilitumia OSPF, ambayo ni ya wazi kwa wote, RFC 2328 ya mwaka 1998. Itifaki hizi mbili hazizungumzi. Ukitaka upande mmoja uzijue njia za upande mwingine, unachukua ruta iliyosimama mpakani, unaiambia: zile ulizojifunza kwa EIGRP zitangaze kwa OSPF, na zile za OSPF zitangaze kwa EIGRP. Mzee aliweka mpaka sehemu mbili, Nairobi na Mombasa, ili moja ikifa nyingine iendelee. Wazo zuri kabisa. Kwenye kila ruta aliandika haya:

router eigrp 100
 redistribute ospf 1 metric 10000 100 255 1 1500
router ospf 1
 redistribute eigrp 100 subnets

Hapo kuna mitego miwili ambayo wengi huanguka, na Mzee aliikwepa. Usipoandika zile nambari tano za metric, EIGRP huzihesabu njia za OSPF kuwa hazifikiki na haitangazi kitu. Na kwenye ruta za wakati ule, usipoandika neno subnets, OSPF ilichukua mitandao mizima ya madaraja ya zamani tu na kuviacha vipande vyote. Vyote viwili aliviandika. Mtego wa tatu ndio uliotunasa.

Ruta ikisikia njia ya mtandao ule ule kutoka itifaki mbili, haiwezi kulinganisha umbali, kwa sababu kila itifaki hupima kwa rula yake. Kwa hiyo Cisco waliipa kila itifaki nambari ya kuaminika, na ndogo ndiyo inayoaminika zaidi. Njia uliyoiandika kwa mkono ni 1. EIGRP ya ndani ni 90. OSPF ni 110. RIP ni 120. Na EIGRP ya nje, yaani njia iliyoingizwa EIGRP kutoka mahali pengine, ni 170.

Soma tena nambari hizo. EIGRP ya ndani inaishinda OSPF. Lakini EIGRP ya nje inashindwa na OSPF.

Nikamwuliza Mzee, "Kituo hiki kina tofauti gani na vingine?" Akafikiri. Akasema vituo vyote vingine vina ruta za kampuni zinazozungumza EIGRP. Hiki peke yake kimeunganishwa kwa redio ya kampuni nyingine, ambao vifaa vyao havina itifaki yoyote. Kwa hiyo miaka mitatu nyuma aliandika njia kwa mkono kwenye ruta ya Nakuru na kuiingiza EIGRP.

Maana yake kituo hiki peke yake kilikuwa "cha nje". 170.

Basi mambo yalikwenda hivi. Nakuru inaitangaza njia ya kituo kwa EIGRP. Nairobi inaisikia, inaitumia, na kwa kuwa ameagizwa hivyo, inaitangaza pia upande wa OSPF. Mombasa sasa inaisikia mara mbili: kwa EIGRP ikiwa na 170, kwa OSPF ikiwa na 110. Inachukua ya OSPF. Halafu Mombasa nayo ina agizo lake: zile za OSPF zitangaze kwa EIGRP. Inaichukua njia ya kituo, inaivisha zile nambari za metric, na kuitangaza kwa EIGRP kana kwamba ni habari mpya kutoka kampuni ndogo.

Na Nairobi inaisikia. Nairobi ina njia mbili sasa za kufika kituoni, zote EIGRP ya nje, zote 170, kwa hiyo inalinganisha gharama. EIGRP kwa kawaida hutazama mambo mawili: upana wa sehemu nyembamba kuliko zote njiani, na jumla ya ucheleweshaji. Laini ya Nakuru ilikuwa ya kilobiti 512. Ya Mombasa megabiti 2. Kwa upana, unagawanya 10,000,000 kwa kilobiti: Nakuru unapata 19,531, Mombasa unapata 4,882. Ucheleweshaji ulikuwa karibu sawa. Na zile nambari za metric alizoandika Mzee zilisema kwamba zaidi ya Mombasa kuna barabara ya megabiti 10, barabara ambayo haikuwapo duniani. Nairobi ikaona Mombasa ni nafuu. Ikaacha njia ya kweli.

Nairobi inasema kituo kiko Mombasa kwa sababu Mombasa imesema. Mombasa inasema kiko Nairobi kwa sababu Nairobi imesema. Tunaambiwa akili za kuambiwa, changanya na zako. Ruta hazikuwa na za kuchanganya.

Ndiyo maana kuwasha upya kulitudanganya. Ruta ya Mombasa ikizimwa, uongo unakatika, Nairobi inarudi njia ya Nakuru, rekodi zinapita. Mombasa ikiamka na kusalimiana na wenzake, uongo unaanza upya.

Mzee hakuniamini nilipomaliza kuchora hayo kwenye karatasi. "Hiyo ni hadithi yako," akasema. Haki yake. Alhamisi usiku tukafanya majaribio. Kwanza akaandika show ip eigrp topology kwa mtandao wa kituo kwenye ruta ya Nairobi. Maelezo ya njia iliyochaguliwa yalisema itifaki ya nje ni OSPF. Nakuru hakukuwa na hata futi moja ya kebo ya kampuni ndogo.

Kisha nikamwomba aifute kabisa ile njia ya mkono kwenye ruta ya Nakuru. Kwa mtandao mzima, kituo kilitakiwa kufa papo hapo. Akaifuta. Tukangoja dakika tano. Nairobi bado inasema kituo kipo, kiko Mombasa. Mombasa bado inasema kipo, kiko Nairobi. Mwenye habari alishakufa, na habari bado inatembea, mmoja akimlisha mwenzake. Mzee akavua miwani. "Wanaapiana," akasema. Hakusema kingine.

Dawa yenyewe haikuchukua nusu saa. Tatizo ni kwamba njia ikivuka mpaka inasahau ilikotoka, basi tuliipiga mhuri inapovuka. Kila njia inayotoka EIGRP kwenda OSPF ilipewa alama 90, na kila itokayo OSPF kwenda EIGRP alama 110. Halafu kila mpaka ukaambiwa: ukiona mhuri wa nyumbani kwetu, usiirudishe.

route-map EIGRP-OSPF deny 10
 match tag 110
route-map EIGRP-OSPF permit 20
 set tag 90
route-map OSPF-EIGRP deny 10
 match tag 90
route-map OSPF-EIGRP permit 20
 set tag 110

Ramani hizo zikaunganishwa na zile amri za redistribute kwenye ruta zote mbili. Mzunguko ukakatika. Lakini Mombasa bado ilikuwa ikipenda kupitia OSPF kwa kituo kile, kwa sababu 110 bado ni ndogo kuliko 170. Inafika, ila inapita njia isiyo yake. Kwa hiyo tukaongeza distance ospf external 180, ili njia za nje za OSPF ziwe nyuma ya zile za EIGRP. Angalizo: kabla ya kuigusa nambari hii, hakikisha upande wa OSPF hauna mitandao yake yenyewe ya nje. Sisi hatukuwa nayo. Ukiwa nayo, umehamishia tatizo la njia ya kuzunguka upande wa pili.

Akairudisha njia ya mkono Nakuru. Traceroute: Nairobi, Nakuru, redio. Mwisho. Ilikuwa kama saa saba za usiku.

Ijumaa asubuhi nilimpigia karani wa kituo simu nikimwogopa. Siku nne za maziwa hazikuwa kwenye seva, na programu yangu, nakiri, haikuwa ikihifadhi chochote pale kituoni ikishindwa kutuma. Ikishindwa, inafuta. Sikuwahi kufikiria. Yule mama akacheka. "Mwanangu, mimi naandika kwenye daftari tangu mlete hiyo mashine." Akazikalisha tarakimu zote siku hiyo na Jumamosi. Wakulima walilipwa siku mbili baadaye kuliko wenzao, lakini walilipwa zote.

Ikabaki ripoti. Meneja aliniita peke yangu. "Andika kosa lilikuwa la nani." Nilijua anachotaka. Mzee aliunganisha mitandao miwili kwa wikendi moja, peke yake, baada ya kuomba wiki tatu na kunyimwa. Na ni mimi niliyekuwa nimepaza sauti siku ya kwanza kwamba ni mtandao. Ningeweza kuandika "nilisema mimi", nikaondoka msafi, na mzee wa miaka hamsini na kitu akapoteza kazi miaka michache kabla ya kustaafu.

Tuliiandika pamoja, tukatia sahihi wote wawili. Tuliandika kwamba mpaka haukuwa na mihuri, kwamba muda uliotolewa haukutosha kujaribu, kwamba toleo jipya liliwekwa wikendi ile ile likavuruga uchunguzi, na kwamba programu ilikuwa ikitupa rekodi. Mambo mawili ya mwisho ni yangu. Meneja hakupendezwa. Mkataba wangu uliokuwa uongezwe Januari haukuongezwa. Mzee alibaki. Mwaka uliofuata aliniambia wameiondoa EIGRP yote na kubaki na OSPF, na hiyo ndiyo dawa ya kweli: mpaka bora ni ule usiokuwapo.

Kwa kijana wangu, na kwa yeyote atakayekutana na haya, hivi ndivyo ninavyofanya sasa:

1. Uliza kwanza: kinachoharibika kina tofauti gani na kinachofanya kazi? Kituo kimoja kati ya vingi ni zawadi, usiidharau.
2. Pima kwenda na kurudi, kila upande peke yake. Ping kwa ruta ya jirani si ping kwa mtandao ulio nyuma yake.
3. Traceroute inayorudia majina mawili ni mzunguko. Acha kugusa programu.
4. Kwenye kila ruta ya mpakani, tazama njia husika na uulize: ruta hii imeijuaje, na kwa nambari gani ya kuaminika?
5. Penye mipaka miwili, piga mihuri tangu siku ya kwanza, hata kama kila kitu kinaonekana sawa.
6. Zile nambari za metric zisinakiliwe tu kutoka mafunzo ya mtandaoni. Ni ahadi kuhusu barabara. Ahidi barabara iliyopo.
7. Usibadilishe vitu viwili wikendi moja.

Na programu zangu zote tangu 2010 huhifadhi rekodi hapo hapo kwanza, ndipo zitume. Daftari la yule mama liliniaibisha kiasi hicho.

Hayo ndiyo ya leo. Tukutane tena karibuni, kazi zikiniachia.